Singidani au Kindai? Pa kuanzia kwa anayehamia Singida, na hata kwa mzawa

Mdogo wangu alipohamishiwa kazi Singida akitokea Dodoma, alinipigia simu akiwa bado stendi, mabegi miguuni. "Shikamoo dada. Nimefika salama. Sasa huku watu huwa mnatembea wapi?"

Nikaanza kumhesabia: ziwani, kwenye mawe, soko la vitunguu, kwa wakamua alizeti, kwa kuku, asali ya Itigi, msitu wa Mgori, Sekenke. Akanikatiza. "Dada, nina Jumamosi moja tu kabla sijaripoti. Niambie nianze na lipi, na lipi lisubiri mshahara."

Swali lake lilinikaa kichwani wiki nzima. Majina ya sehemu kila mtu anayajua, hata asiyewahi kufika. Adimu ni mtu wa kukwambia, ukiwa na asubuhi moja, nenda huku, kule uache. Ukiwa na watoto, geuza. Nimeishi mji huu miaka 16, nimevifanya vyote hivi zaidi ya mara moja, na nimejifunza kwamba hapa kwetu umaarufu wa mahali hausaidii sana kuchagua. Mwezi na saa ndivyo vinavyoamua. Ziwa la Machi si ziwa la Septemba. Alizeti ya Aprili ni maua, ya Julai ni mafuta. Anayekwenda mahali pazuri kwa saa mbaya hurudi akisema Singida hakuna kitu, na huwa naumia nikisikia hivyo.

Singidani na Kindai

Mji umekaa kati ya maziwa mawili. Singidani liko upande wa kaskazini, Kindai upande wa kusini, na mtu anaweza kuyaona yote mawili kwa siku moja bila haraka. Yote ni ya maji ya chumvi. Sababu yake si siri: tuko kwenye bonde ambalo maji yake hayaendi baharini. Mvua inashusha maji kutoka kwenye vilima na mashamba, yakifika ziwani hayana pa kutokea. Jua na upepo vinayanywa, chumvi na magadi vinabaki. Mwaka wa mvua kubwa ziwa linapanda mpaka linasogelea barabara na mashamba. Mwaka wa ukame linarudi nyuma na kuacha ukingo mweupe unaong'aa kama sakafu iliyomwagiwa unga.

Singidani ni kubwa na liko wazi. Ukisimama ukingoni unaona maji, unaona anga, na katikati unaona ndege. Heroe ndio wanaotafutwa na wengi, wale ndege warefu wa rangi ya waridi ambao wengine wanawaita flamingo. Wapo na mwari, wenye mfuko chini ya mdomo, na bata bukini, na vindege vidogo vya ukingoni vinavyokimbia mbele ya wimbi na kurudi nalo. Heroe hawali samaki kama watu wanavyodhani. Heroe mdogo anageuza kichwa juu chini, mdomo majini, anachuja viumbe vidogo mno visivyoonekana kwa jicho vinavyostawi kwenye maji ya magadi, na rangi yake ya waridi inatokana na chakula hicho. Maji yakijaa sana, magadi yanazimuliwa, chakula kinapungua, wanahama. Kwa hiyo usimlaumu aliyekwambia wapo ukakuta hawapo. Kiulize kina cha ziwa kwanza.

Kindai ni dogo, na mji umelisogelea sana. Hapo hutapata ule upana wa Singidani wala makundi makubwa ya ndege, ila utapata kitu kingine: utulivu wa jioni. Upepo wa mchana ukishapungua, maji yanalala, mawe makubwa ya kandokando yanakuwa na rangi ya chungwa, na sauti za mji zinakufikia kwa mbali bila kukusumbua. Watu wanapita na baiskeli, watoto wanarusha vijiwe, wachungaji wanarudisha ng'ombe.

Nichague nini? Kama uko peke yako, au na mwenzako mnayependa kuamka mapema, nenda Singidani, na ufike kabla jua halijapanda. Saa 12 asubuhi maji ni shwari na ndege wako karibu na ukingo. Ikifika saa 4 upepo umeshaanza, na upepo wa Singida si wa mchezo, hasa kuanzia Agosti hadi Oktoba: unapuliza vumbi la chumvi usoni, ndege wanasogea mbali, na picha zako zote zinakuwa za nukta nyeupe. Kama una darubini, ibebe. Kama una watoto wadogo, mzazi mzee, au saa moja tu baada ya kazi, chagua Kindai, jioni kuanzia saa 11. Watoto hawana subira ya kutazama ndege, lakini jiwe la kupanda na maji ya kutazama vinawatosha kabisa.

Mdogo wangu nilimwambia Singidani, alfajiri, bila kusita. Kindai utaifikia tu siku yoyote ukiwa mkazi. Alfajiri ya Singidani usipoipanga, itakupita mwaka hadi mwaka. Nawajua watu waliozaliwa hapa ambao hawajawahi kuiona.

Onyo moja nalitoa kwa sababu limenipata. Ilikuwa Septemba, maji yamerudi nyuma, nikaona heroe wako mbali kidogo na ule ukingo mweupe unaonekana mkavu kabisa. Nikauingia. Hatua ya kumi ganda likapasuka, mguu ukazama hadi gotini kwenye tope jeusi lenye harufu ya yai lililooza. Nikavuta mguu mmoja, wa pili ukazama zaidi. Kandambili moja imebaki huko mpaka leo. Kijana aliyekuwa akichunga ng'ombe juu ya ukingo akanipigia kelele: "Mama, usiende mbele! Rudi kwa nyayo zako!" Nikarudi nikikanyaga mashimo yale yale niliyoyachimba, moja moja, mpaka nchi kavu. Tangu hapo nasimama pale nyasi zinapoishia. Na kuogelea sishauri, si Singidani wala Kindai: chini ni tope, na huwezi kujua kina kinaanzia wapi.

Juu ya jiwe au kando ya maji

Mawe ya Singida, yale makubwa ya mviringo yaliyopandiana kana kwamba kuna mtu aliyapanga, yako kila upande wa mji. Ni itale ya zamani sana. Joto la mchana linalitanua jiwe, baridi ya usiku inalifanya linywee, ngozi ya nje inabanduka kama ganda la kitunguu, na kadiri miaka inavyopita pembe zinaisha linabaki duara. Ukiwa na jioni moja na hujui uende ziwani au upande jiwe, basi angalia mawingu. Anga likiwa safi, Juni au Julai, panda jiwe: tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na ukiwa juu unaona mji, ziwa na tambarare kwa pamoja. Kukiwa na dalili ya mvua usipande, jiwe lililolowa linateleza vibaya. Vaa viatu vyenye soli ya mpira, na shuka kabla giza halijaingia. Hilo ndilo la kulijua, mengine utayaona mwenyewe.

Kuku: supu au wa kuchoma

Hapa nitakaa kidogo, maana kuku wa Singida anajulikana nchi nzima na bado watu wengi wanamla vibaya.

Kwanza mjue ni kuku gani. Kuku wa kisasa wa nyama anachinjwa akiwa na wiki tano au sita. Kuku wa kienyeji wa huku anatembea. Anachakura kutwa, anakula mtama uliodondoka, wadudu, mashudu ya alizeti, mabaki ya jikoni, na anahitaji miezi sita au zaidi kufikia kuwa kuku wa kuliwa. Mwendo huo wote uko kwenye nyama yake: ni ngumu zaidi, nyekundu zaidi kwenye mapaja, na ina ladha. Ukimpika kama kuku wa kisasa, dakika 40, utatafuna mpaka taya ziume na utasema sifa zake ni za uongo. Anataka muda.

Supu au kuchoma, basi? Jibu liko kwenye umri wa kuku. Siku moja nilisimama kwa mama mmoja mwenye matenga kando ya barabara, nikachagua jogoo mkubwa mwenye mkia wa kupendeza, nikamwambia nakwenda kumchoma. Akanishika mkono.

"Huyu si wa kuchoma, mwanangu. Huyu ni wa supu."

"Umejuaje, mama?"

Akamgeuza, akanionyesha miiba ya nyuma ya miguu, imerefuka na kupinda. "Ona hii. Huyu mzee. Na magamba ya miguu yamekauka, unaona? Wa kuchoma ni huyu." Akatoa kwenye tenga mtetea mdogo, miguu laini, kishungi chekundu, akanishikisha kidari chake. Ncha ya mfupa wa kidari ilikuwa bado laini, inapinda ukiibonyeza. "Mfupa ukipinda, choma. Mfupa ukiwa mgumu, chemsha."

Sijawahi kupewa somo zuri la sokoni kuliko hilo, na sijakosea kuku tangu siku ile.

Supu yake, basi, iwe ya jogoo au kuku aliyekomaa, asubuhi. Kwenye banda zuri la supu utajua kwa kuuliza kitu kimoja: sufuria imewekwa saa ngapi? Wakikwambia alfajiri, kaa. Supu ya kweli inachemka pole pole masaa mawili au zaidi, kwa chumvi na tangawizi, pengine kitunguu saumu, basi. Ndimu na pilipili unatia mwenyewe mezani. Ukiona imejaa viungo vya paketi na rangi ya njano kali, hiyo inaficha kitu. Supu nzuri ina matone ya mafuta ya dhahabu yanayoelea juu na harufu inayokufikia kabla bakuli halijafika.

Wa kuchoma ni wa jioni, na ni wa kushirikiana. Agiza mapema, saa moja na nusu kabla, kwa sababu mchomaji anayejua kazi anamchemsha kwanza nusu, ndipo anamweka kwenye moto mdogo wa mkaa. Mwombe kachumbari ya vitunguu vya hapa hapa. Na badala ya ndizi au chipsi, jaribu ugali wa mtama au wa uwele na mlenda. Najua mlenda una wapinzani wake. Mtu wa pwani akiuona unavyovutika anasukuma bakuli. Lakini mlenda wa Kanda ya Kati, ule wa majani ya porini yaliyokaushwa na kusagwa, ukatiwa karanga, unakaa na ugali wa mtama vizuri kuliko mboga nyingine yoyote ninayoijua. Onja mara mbili kabla hujaamua. Mara ya kwanza ulimi unashangaa tu.

Ukiniuliza kipi kwanza, ni supu. Kuku wa kuchoma utampata miji mingi. Supu ya jogoo wa Singida, asubuhi ya Julai yenye baridi na upepo, baada ya kutoka ziwani na miguu yenye ubaridi, hiyo ni ya hapa. Na kwa kuwa alfajiri ya Singidani inaishia saa 3, supu inakuwa bado ya moto. Vitu viwili hivyo vinafuatana vyenyewe.

Kwa anayetaka kununua kuku hai wa kufuga, na wapya wengi wanataka wakishaona uwanja wa nyumba, uliza kuhusu chanjo ya mdondo. Ni tone moja la jicho kila baada ya miezi mitatu. Banda lote linaweza kwisha kwa wiki moja kwa kukosa tone hilo. Kuku wapya watenge kwanza na wa zamani, hata kama muuzaji amekuapia.

Soko la vitunguu au mashine ya alizeti

Haya mawili yanalingana kwa kuwa yote ni kwenda kuona kitu ambacho mkoa huu unakilisha nchi, na unatoka na mfuko mkononi.

Soko la vitunguu la Misuna ni la macho. Vitunguu vyekundu vimemwagwa chini kwa marundo, akina mama wamekaa wakivichambua, maganda mepesi yanapeperuka na upepo mpaka yanakushika nguo. Malori yanapakia ya kwenda mbali. Ukienda kama mnunuzi wa nyumbani, usichukue kikubwa kuliko vyote. Vya wastani hukaa zaidi. Bonyeza shingo ya kitunguu: ikiwa imekauka na kufunga, hicho kitakaa miezi, ikiwa laini, mbichi, kitaanza kuota au kuoza ndani ya wiki chache. Ukifika nyumbani vitoe kwenye mfuko wa plastiki, vining'inize au vitandaze mahali penye hewa. Na ukiona gunia limeshonewa kilemba juu, hiyo ni lumbesa. Imekatazwa kisheria kwa sababu inamwibia mkulima: analipwa gunia moja, anatoa moja na kitu. Mimi lumbesa sinunui, hata ikiwa nafuu. Mkulima anayeibiwa namfahamu sura, si jina, na najua mgongo wake ulivyopinda.

Mashine ya alizeti ni ya pua. Singida na Dodoma ndiyo mikoa ya alizeti hasa, na baada ya mavuno, kuanzia Juni, mashine za kukamua zinanguruma mitaani. Ukipita karibu unasikia harufu nzito, tamu, kama karanga zinazokaangwa. Omba ruhusa uingie. Mbegu zinamiminwa juu, zinabanwa na parafujo kubwa ya chuma, huku mafuta yanatoka ya moto, meusi kidogo, yana povu. Kule yanatoka mashudu, vipande vya kijivu vilivyobanwa kama vigae, chakula cha ng'ombe na kuku. Mafuta yanapitishwa kwenye vitambaa vya chujio kwa shinikizo, yanatoka yanang'aa. Fundi mmoja alinitonea kidogo kwenye kiganja, bado yana joto, akaniambia nionje hivyo hivyo. Ladha yake haifanani na mafuta yoyote niliyowahi kununua dukani.

Nunua pale pale kwenye mashine badala ya madumu yaliyopangwa barabarani. Ninasema hivi nikijua wauzaji wa barabarani ni majirani zangu na wanatafuta riziki halali. Lakini dumu linaloshinda juani linaharibu mafuta: mwanga na joto vinayachachisha. Wakiyaweka kivulini, nunua kwao kwa moyo mweupe. Dumu lenyewe liwe safi na kavu. Tone la maji ndani yake linayaharibu upesi.

Kipi kwanza? Kama ni Machi au Aprili, hakuna mashine utakayofurahia. Toka nje ya mji uangalie mashamba yenyewe yakiwa kwenye maua, njano mpaka upeo wa macho, halafu upitie Misuna ukirudi. Kama ni Juni hadi Septemba, mashine ya alizeti inalishinda soko. Soko la vitunguu litakusubiri.

Asali ya nyuki wakubwa au wadogo

Hili fupi. Asali ya huku, hasa inayotoka vichaka vya Itigi na misitu ya Manyoni, ina sifa ya haki. Ya nyuki wakubwa ndiyo ya chai, mkate na matumizi ya kila siku: nzito, kahawia, wakati mwingine ina moshi kidogo kama waliorina walitumia moto mwingi. Ya nyuki wadogo ni nyepesi, ina uchachu, inapatikana kidogo na bei yake iko juu sana. Watu wanaitafuta kama dawa. Kama hujawahi kuonja yoyote, anza na ya nyuki wakubwa, chupa ndogo, kwa muuzaji atakayekuruhusu uonje. Ya wadogo nunua ukishajua ulimi wako unapenda nini. Asali ikiganda nyumbani usiitupe wala usimtukane muuzaji. Kuganda ni tabia ya asali halisi, iweke chupa kwenye maji ya vuguvugu itayeyuka. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe, hata tone.

Mpira

Ukiwa mpenzi wa mpira, siku ya mechi ya Ligi Kuu hapa mjini timu kubwa za Dar zikija, mji wote unabadilika. Nenda mara moja angalau. Asiyependa mpira hatapoteza kitu akibaki Kindai.

Ukipata siku nzima au mbili

Sasa mshahara umeingia. Ziko njia tatu ninazozilinganisha kila mwaka, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni msitu wa Mgori, kaskazini mashariki mwa mji. Miaka ya 1990 vijiji vinavyouzunguka ndivyo vilivyokabidhiwa kuutunza, kwa doria na sheria ndogo za wanakijiji wenyewe. Ukienda, pitia ofisi ya kijiji kwanza, jitambulishe, umpate mtu wa kukuongoza. Ni safari ya mtu anayependa miti, nyuki na ukimya. Usimpeleke anayetaka kupiga picha na kurudi. Baada ya mvua, Mei, msitu uko kijani na njia zimeanza kukauka. Januari usijaribu kwa gari dogo.

Ya pili ni barabara ya Iramba, kuelekea Mlima Sekenke. Sekenke palichimbwa dhahabu tangu enzi za Wajerumani, na ule mteremko wa zamani wa kona kona ulikuwa ukiogopwa na kila dereva wa masafa marefu mpaka barabara ilipojengwa upya. Simama juu kabla hujateremka: ghafla uwanda wote wa chini unafunguka mbele yako, mpaka mbuga ya Wembere. Maji ya Wembere yanaingia Ziwa Kitangiri, yanatoka kwa mto Sibiti hadi Ziwa Eyasi. Kitangiri lina samaki, perege na kambale, na kukaa ukingoni ukala samaki aliyevuliwa asubuhi ni jambo la kufurahia. Hii ni safari ya siku moja, ya familia, na haihitaji mtu mwenye miguu ya kupanda.

Ya tatu ndiyo inayonigusa kuliko zote: michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa. Ni mbali. Kutoka Singida unapita Katesh, mlima Hanang ukiwa kando yako, unafika Babati, unageuka kusini. Njia nzima ni lami lakini ni siku ya kusafiri na kulala. Eneo hilo liliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na lina mapango na miamba yenye michoro zaidi ya 150. Mary Leakey alikuja kuinakili mwaka 1951, wakati wengi wetu wazazi wetu hawajazaliwa.

Kitangiri au Kolo? Kwa watoto wa chini ya miaka kumi, Kitangiri. Kwa watu wazima wenye magoti mazima, Kolo, na usiahirishe. Ofisi iko kijijini Kolo kando ya barabara kuu. Hapo unalipa kiingilio na kupewa mwongozaji. Ukienda Mungomi, moja ya sehemu zenye michoro hiyo, kipande cha mwisho unapanda kwa miguu, ni kali, jua likiwa juu inachosha, kwa hiyo uwe umelala Kondoa na kuanza asubuhi. Maji beba lita mbili kila mtu.

Juu kule, chini ya mwamba ulioinama, mwongozaji alituambia tusiseme chochote kwa dakika moja, macho yazoee kivuli. Mwanzoni niliona madoa mekundu tu. Kisha mguu. Kisha mguu ukawa wa twiga, shingo ikatokea, na pembeni yake watu wembamba, warefu kuliko kawaida, vichwa vikubwa kama wamevaa kitu. Juu ya wekundu kuna michoro mingine meupe, minene, ya watu waliokuja nyuma yao, wakulima na wafugaji. Mahali hapo wenyeji bado wanapaheshimu na kufanyia matambiko, kwa hiyo mkikuta dalili za sadaka msiziguse. Michoro yenyewe pia msiiguse. Zamani wageni walikuwa wakiimwagia maji ili ing'ae kwenye picha, na mwongozaji wetu alituonyesha mahali ambapo rangi imekimbia kwa sababu hiyo: doa la waridi lisilo na umbo, kubwa kama kiganja. Bibi mmoja wa msafara wetu alilitazama muda mrefu, akauliza palikuwa na mnyama gani. Mwongozaji akasema, mama, hatujui tena.